Niliahidi kwenda kwao daraja la Kigongo–Busisi likikamilika. Limekamilika, nimeishiwa visingizio

Fundi wa Mwaloni

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Naomba pia tusitukanane, mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Nina miaka 34, mzaliwa wa Ukerewe, naishi Kirumba, Mwanza, na mama yangu. Kazi yangu ni kutengeneza injini za boti pale Mwaloni, kwenye soko la samaki. Nina banda na vijana wawili. Nayasema haya mapema kwa sababu najua wa kwanza ataandika "huna hela ndiyo maana". Hela ya mahari ninayo tangu mwaka juzi, ipo benki na siigusi. Hata injini ya mteja ilipoibiwa bandani kwangu ikabidi nilipe, nilikopa kwingine.

Januari 2021 nilikuwa narudi kutoka Sengerema kumfungia mzee mmoja injini. Tukakaa foleni ya kivuko pale Busisi kwa muda wa karibu saa 2. Mliopita enzi zile mnakumbuka: malori, mabasi, kina mama wa mayai ya kuchemsha, na jua lisilo na huruma. Kulikuwa na dada ameketi kwenye kivuli cha lori anasahihisha madaftari. Akaniomba nimshikie rundo moja lisipeperuke. Nikashika. Mpaka tunapanda kivuko nilikuwa nimeshasoma insha kama 10 za darasa la tano, "Siku ya mvua kubwa". Mtoto mmoja kaandika: "Baba akasema tusubiri. Tukasubiri. Nyumba ikaanguka." Mimi ningempa zote, mwalimu akampa 6 kwa sababu ya mwandiko.

Basi ndiyo ikaanzia hapo. Anafundisha shule ya msingi hukohuko Sengerema na kwao ni hukohuko. Mwisho wa mwezi alikuwa anakuja Mwanza, au mimi naenda pale alipopanga. Kwa wazazi wake, hapana. Alipoanza kuuliza nikamwambia, "Ngoja daraja likamilike, nitakuja kwenu nimenyooka, siyo nimebabuka na jua la foleni." Ulikuwa utani, akacheka. Mwaka uliofuata akauliza tena, nikasema tena daraja. Taratibu utani ukawa ndiyo jibu. Kila wakisema ujenzi umechelewa, watu wanalalamika, mimi moyoni nashukuru. Nadhani ni mimi peke yangu nchi hii niliyeliombea lile daraja lisiishe.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akalizindua. Kilomita 3, kwa gari dakika 5 hivi umevuka. Jioni ile ikaingia meseji: "Daraja limefunguliwa." Maneno mawili. Hakuna kuuliza, hakuna kicheko.

Nikakaa nayo. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika "Hongereni", nikafuta. Saa 5 usiku nikamtumia dole gumba.

Ndiyo. Dole gumba.

Tangu siku hiyo kimya, miezi miwili sasa. Hajanibloku, picha yake naiona.

Nimekuwa nikijiambia kwamba naogopa ndoa, majukumu, uhuru kuisha, zile hadithi za vijiweni. Wiki iliyopita nilikosa usingizi nikapandisha meseji zetu tangu mwanzo. Nimegundua kitu cha aibu. Kila alipotaja wazazi wake, siku 3 haziishi tumeshanuniana. Ugomvi wenyewe hauna kichwa wala miguu: mbona simu iliita hukupokea, yule aliyekuandikia "mrembo" ni nani. Mara 9, nimehesabu. Zote 9 nilianza mimi.

Na nisilifiche hili: nilikuwa na mwingine, Igoma. Hakuna mapenzi pale na wote tulijua. Alikuwa kama plagi ya akiba unayoitia mfukoni ukienda kina kirefu.

Sasa nieleze ilikotokea. Mwaka 2016 nilipeleka barua ya posa mahali, upande wa Magu. Mshenga alikuwa mjomba wangu. Kwenye bahasha tuliweka barua na shilingi 50,000 tukabana na pini. Baada ya wiki 3 mjomba akaitwa kuchukua jibu. Aliporudi aliomba maji kabla hajaketi. Akanywa kikombe chote, ndipo akaitoa bahasha. Imefunguliwa, hela zimehesabiwa, zimebanwa kwa pini ileile, haijapungua hata mia. Kisa? Mzee mmoja pale aliuliza, "Fundi wa mashine za boti, siku ziwa likikauka atamlisha nini binti yetu?" Watu wakacheka. Binti alikuwa jikoni anasikia. Hakutoka. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyeniambia nilete barua, wameshakubali.

Ile bahasha ninayo mpaka leo, iko chini kabisa ya sanduku la spana.

Nirudi kwa mwalimu? Nikirudi naanzaje? Na kama huu ni ugonjwa, unaitwaje?

Kataa Ndoa Nyegezi

Mkuu umeponea chupuchupu halafu unalia. Kataa ndoa. Hela ya mahari nunua injini, kodisha, lala.

Fundi wa Mwaloni

Ninazo nne zinazokodishwa mkuu. Hapo nilishapita.

Jiwe la Bismarck

Dole gumba!!! Nimeusoma huu uzi kwa sauti, mke wangu amegoma kupakua chakula mpaka nimwambie huyo dada alifanya nini baadaye. Leta mrejesho tule.

Wakili wa Kona

Kwa faida ya wasomaji, maana naona hofu nyingine ni za kusikia mitaani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, jamii ikiwaona kama mke na mume, inachukuliwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Fundi hajaishi na mtu. Miaka minne na nusu ya foleni ya kivuko haihesabiki.

Ila kuna kifungu cha 69 ambacho wengi hawakijui: aliyeahidi ndoa akavunja ahadi anaweza kushtakiwa kwa fidia, awe mwanamume au mwanamke. "Nitakuja kwenu daraja likikamilika", je, ni ahadi ya ndoa? Mimi ningemtetea fundi kwamba aliahidi kutembelea tu. Ningeshinda kesi na ningeona aibu.

Mama Dagaa

Mdogo wangu, mafundi wa Ukerewe wenye vijana wawili hapo Mwaloni mko wangapi? Nakujua. Ulimtengenezea mume wangu mashine na hukututapeli, kwa hiyo nakusema kwa haki.

Unalia ulikataliwa 2016. Sawa, kukataliwa kunauma, na wale wazee hawakuwa na adabu. Ila umesema mwenyewe ugomvi 9. Mimi kwa hesabu yangu huyo mwalimu amekataliwa mara 9, na yeye hakurudishiwa hata bahasha. Wewe ulijua sababu yako, hata kama ya kipuuzi. Yeye kila mara alilala akiwaza kosa lake ni lipi, kumbe kosa lake ni kumtaja mama yake.

Halafu hiyo meseji. Unadhani maneno mawili hayo aliyaandika dakika ngapi? Mtoto wa watu, mwalimu, wa Kisukuma, hawezi kukuandikia "njoo unioe". Amekusogezea daraja zima la Serikali mpaka mlangoni, ukampa dole.

Wiki iliyopita nimeanika mzigo wangu, wingu likatokea upande wa kwenu Ukerewe. Shoga yangu akaanza kuanua, mimi nikasema litapita. Dagaa wangu wameuzwa kwa watu wa chakula cha kuku. Sikuambii hilo kama fumbo, nakuambia kwa sababu bado nina hasira, na wewe umenikuta nayo.

Sasa fanya hivi. Usimtumie meseji. Usimtume mjomba. Igoma kamalize leo, uso kwa uso, siyo kwa simu. Kisha nenda Sengerema kwake, siyo kwa wazazi, umwambie habari ya hiyo bahasha. Amewahi kuisikia?

Fundi wa Mwaloni

Hajawahi. Na mama naomba usitaje banda.

Nshomile wa Bukoba

Fundi, mimi nafanya kazi ya ushauri nasaha huku Bukoba. Siwezi kukupima kupitia uzi, lakini umeuliza jina nami nitakujibu kidogo. Huo siyo ugonjwa. Ni namna mtu alivyozoea kushikamana na anaowapenda, na elimu yake mwanzilishi wake ni daktari Mwingereza, John Bowlby. Ila watu wa kanda hii hawajui kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi ilianzia ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anazitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, anakaa na kina mama na watoto wao, anatazama na kuandika. Kuna watoto waliotambaa mbali na mama, wakageuka kumtazama, wakaendelea na safari zao. Wengine walilia hata mama akiwepo.

Baadaye akiwa Baltimore, Marekani, alikuta kundi jingine. Mama akitoka chumbani na kurudi, mtoto hamsogelei. Anaendelea na vitu vyake vya kuchezea kama hakuna aliyeingia. Ukimtazama utasema huyu hana shida na mtu. Watafiti wengine wakaja kupima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hiyo: yalikuwa yanakwenda mbio.

Nilipofika kwenye dole gumba lako nilimkumbuka huyo mtoto.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliuliza wasomaji wa gazeti moja la Denver kuhusu mapenzi ya watu wazima. Zaidi ya nusu walijitambua kama watu wanaotulia wakiwa karibu na mwenza. Karibu robo walikuwa wakwepaji, waliobaki ni wale wa hofu ya kuachwa. Hao ni watu wa Denver waliojaza fomu wenyewe, usiipeleke hesabu hiyo Igogo ukaanza kugawa majina. Na mtu habaki kundi moja maisha yake yote. Wengi wamebadilika wakiwa na mwenza ambaye haondoki kila wakitikisika.

Swali moja, ukitaka usijibu: baba yako yuko wapi?

Fundi wa Mwaloni

Nimekaa siku 2 nikijiuliza nijibu au nipige chenga.

Baba alikwenda Geita machimboni nikiwa na miaka 7. Alisema wiki 2. Hakufa, maana kuna watu walimwona Katoro miaka ya baadaye na kitambi. Hakurudi tu. Mama alikuwa kila jioni anaweka chakula chake mezani na kukifunika kwa kawa. Sisi tunakula, kile tunakikuta asubuhi, tunakipasha. Sikumbuki ni lini aliacha kukifunika. Nimejaribu kukumbuka tangu uliponiuliza, sipati.

Sikuandika mwanzoni kwa sababu sikuona inahusiana na nini.

Kataa Ndoa Nyegezi

Aisee. Mimi huwa napita nyuzi zote kusema kataa ndoa na nitaendelea. Ila kwa kuwa tumefunguka: kabla sijaanza kukataa nilikuwa nimepeleka barua mbili. Moja Bariadi, moja Kahama. Ya Kahama haikurudi kabisa, hata bahasha. Naona leo nimtoe fundi lawama.

Jiwe la Bismarck

Kataa Ndoa kumbe ni Kataliwa Ndoa 😂😂 Samahani mkuu, mke wangu ndiye aliyeandika, si mimi.

Bibi wa Mkolani

Wajukuu, mnazungumzia kukataliwa kama kwamba kumeanza na simu. Babu yenu alirudishwa kwetu mara mbili, mara ya tatu akaja na ng'ombe wawili zaidi na kaka yake msemaji. Baba yangu alikuwa anampenda tangu siku ya kwanza, alikuwa anapima kama atarudi. Sisemi ni vizuri. Nilikasirika sana, miye ndiye niliyekuwa nasubiri.

Mama Dagaa

Bibi shikamoo. Umesikia fundi?

Fundi wa Mwaloni

MREJESHO. Igoma nimemaliza. Nilijiandaa kwa kilio, akasema, "Sawa, nirudishie feni yangu." Nimeirudisha.

Jumapili nikaenda Sengerema. Nilipanda basi Nyegezi saa 2 asubuhi, bahasha mfukoni. Hotuba yangu nilikuwa nimeipanga kwa mazoea ya zamani, ya kutosha foleni nzima. Basi likapita Usagara, Kigongo, likaingia darajani, na kabla sijamaliza "nisamehe" ya kwanza tumeshafika Busisi. Kondakta ananiangalia, midomo inacheza peke yake.

Nimemkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia "Mwangaluka", Kisukuma changu chenyewe ni hicho tu. Akajibu, "Karibu." Ukiamkia Kisukuma ukajibiwa Kiswahili na Msukuma, jua uko polisi. Akanipa kigoda. Akaendelea na mchele.

Hotuba yote ikapotea. Nikatoa bahasha nikamwekea juu ya ungo, kwenye mchele, sijui kwa nini pale. Nikasema hii ilinirudia 2016, nilidhani na kwenu itarudi, nikaona bora nisiilete. Akafuta mikono kwenye khanga akaifungua. Pini imeota kutu, imeacha alama ya kahawia kwenye noti zote. Akasoma barua mpaka mwisho, na mnajua alivyo, akasema, "Umeandika 'Waheshimwa' badala ya 'Waheshimiwa'." Nikajua angalau ni yeye yuleyule.

Kisha akanyamaza muda mrefu, mchele anauzungusha tu, hachambui. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii mimi nalipa deni la watu wa Magu."

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia na Igoma pia. Hapo aliinuka, akaingia ndani, nikabaki na kuku. Dakika 20 hivi. Niliwaza kuondoka, nasema kweli, mguu mmoja ulishageukia njia. Nikambana yule wa pili asimfuate mwenzake.

Akatoka macho mekundu. Akasema, "Nimekusikia. Sina jibu leo, na usiniulize lini." Wakati naaga akanipa ndoo ndogo ya michembe, vile viazi vikavu. "Mpelekee mama."

Wakuu, michembe maana yake nini?

Kataa Ndoa Nyegezi

Maana yake chai ya kesho.

Wakili wa Kona

Zawadi kwa mama si ushahidi wa kukubali. Pia si ushahidi wa kukataa.

Bibi wa Mkolani

Viazi vinachunwa, vinakatwa, vinakaa juani siku kadhaa unavigeuza. Hakuna anayempa michembe mtu asiyetaka ale. Lakini kampa mama yako, si wewe. Nyamaza usiharibu.

Nshomile wa Bukoba

Mimi ningeacha michembe, ningeangalia mguu wa pili. Umekaa dakika 20 na kuku bila kuanzisha ugomvi. Kwa mtu wa mara 9, hiyo ni kazi.

Jiwe la Bismarck

Fundi, mke wangu anauliza: ndoo umeirudisha?

Fundi wa Mwaloni

Ndiyo shida iliyonileta leo. Mama ameipika michembe kwa karanga, amefurahi, hajaniuliza chochote, halafu jioni ananiambia ndoo ya watu hairudi tupu. Anataka niirudishe imejaa dagaa. Nimemwambia wiki hii mwezi umejaa, boti za dagaa hazijaingia ziwani, tusubiri giza lirudi, nitakwenda na mzigo mpya.

Mama ameniangalia tu. Hajasema neno.

Mama Dagaa

Wewe. Wewe fundi. Unaishi Kirumba, unafanya kazi Mwaloni, kila asubuhi unaruka magunia ya dagaa wakavu kufika bandani kwako, halafu unatuambia mwezi!

Sado nakuuzia mimi, wa juani kavu, hawana mchanga. Niko palepale.

Fundi wa Mwaloni

Nimechukua sado 2, amenipunguzia. Ndoo imejaa mpaka mfuniko haukai vizuri, nimeufunga kwa mpira. Niko stendi ya Nyegezi, gari la Sengerema limebakiza abiria watatu.